Jani Nililompa Mbuzi

Resti mwanangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Unajua mimi shule sikuiona hata kwa kuchungulia dirishani. Anayeandika ni bibi yako Felista, wifi yangu, amekaa hapa jikoni kwenye kigoda, daftari juu ya sinia, karibu na mlango ambako jua la mchana bado linaingia. Amesoma mpaka darasa la nne la wakati ule, la viboko. Nimemwonya aandike ninavyosema, asinitengeneze. Amekunja uso lakini anaandika.

Wewe umeshuka mjini kuwaaga wenzako wa kafe ya intaneti pale Pasua. Jioni utarudi, kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya kwenda chuo cha ualimu. Barua hii nitaichomeka katikati ya khanga yako ya zambarau, chini kabisa ya begi, uikute ukiwa umeshafika. Huko huwezi kunijibu papo hapo, na mimi ndivyo ninavyotaka.

Mambo ya kufua na kula sitakuambia. Nimekulea tangu mama yako atuache ukiwa na miaka minne, na kama hujajua mpaka leo, basi hutajua kwa barua. Kuhusu wanaume nilishakuambia, na Felista anasema yale hayaandikiki.

Nina jambo moja tu. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, mimi na wewe, ukasema bila kuniangalia, "Bibi, nikifika Mbeya ile blogu naifuta yote." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Nani anaisoma? Halafu naandika habari za imani, na mimi mwenyewe kuna siku siwezi kusali Baba Yetu nikaimaliza." Nikanyamaza, nikaendelea kumenya. Ukadhani nimekubali. Sikukubali, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu jibu lake lilikuwa limekaa juu ya aibu yangu, na ili nilitoe ilibidi kwanza niinue aibu. Siku ile sikuwa na nguvu. Leo ninazo kidogo, na mwandishi ninaye.

Mimi kompyuta sijaigusa. Nilipokuja kukuona kazini mara ile, ulinionyesha ile blogu yako kwenye kioo, nikaona maandishi tu kama siafu wamepanga mstari. Lakini maneno yako niliyajua kabla ya kuona kioo. Katekista Gaspari ndiye aliyeyaleta. Alikuwa akishuka mjini anakuja kwako unamchapia karatasi, anapanda nazo mlimani, na jioni ya jumuiya, tukishamaliza rozari, anavaa miwani yake iliyofungwa uzi anasoma. Ya kwanza nakumbuka ilikuwa ya kahawa. Uliandika kwamba nilikufundisha kuchuma zile nyekundu tu na kuziacha za kijani, na kwamba wewe ulipokuwa mtoto ulidhani Mungu naye anatuchuma hivyo, anachukua walioiva anawaacha wengine. Halafu ukaandika kwamba mwaka huo uliniona narudi kwenye mti ule ule mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka ule mbuni ukaisha, ndipo ukaelewa kitu.

Resti, mimi nimechuma kahawa tangu sijaota meno ya ukubwani, na jambo hilo sikuwahi kuliona. Padre akihubiri mimi husinzia, Mungu anisamehe, na padre anajua. Siku ile sikusinzia. Mzee Kiria, ambaye misa alikuwa haendi tangu kahawa ilipokosa bei, akisema hata Mungu ameuza shamba, alikuwa amekuja pale kumfuata mke wake tu. Akamwambia katekista, "Rudia hapo pa mara ya nne." Katekista akarudia. Jumapili iliyofuata Mzee Kiria alikuwa kanisani, amekaa nyuma kabisa, na kofia mkononi. Mpaka leo anakuja. Anasema anakuja kuona kama mti umeisha.

Hiyo ni moja. Nyingine unazijua, sitazitaja. Nataka kutaja ile uliyoifuta, kwa sababu ni mimi niliyekufutisha.

Ulikuwa na miaka minane. Miaka ile watu walikuwa wanang'oa mibuni yao na kupanda nyanya na maharage, kwa kuwa kahawa ilikuwa hailipi hata kijiko. Felista alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa yake, na kaka zake, mmoja wao ni babu yako marehemu, wakampa kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo. Mimi sikupenda. Nilisema mwanamke aliyeolewa akirudi akae na mama yake, siyo akate shamba. Ndivyo nilivyosema, na Felista aandike ndivyo. Naye alipong'oa mibuni yake akang'oa na mimea ya masale ya mpakani, minne, akaipanda hatua mbili kuja kwangu, na mgomba wangu mmoja ukaangukia kwake. Hilo ni kosa lake na halikatai. Mpaka wa masale hauguswi na mtu. Tukatukanana vizuri sana. Nilimwambia maneno ambayo hata leo kalamu yake imegoma.

Wiki moja kabla ya Pasaka akaja uani. Alikuwa ameirudisha ile minne mahali pake, udongo bado uko kwenye kucha. Mikononi alishika jani la sale, amelikunja fundo kama wazee walivyotufundisha. Akapiga magoti. Hakusema kitu, kwa sababu jani lenyewe ndilo linaloomba msamaha. Wewe umezaliwa mlimani huku, unajua: mtu akikuletea sale, hata kama ameua ng'ombe wako, unalipokea. Hakuna mtu anayekataa sale. Sijawahi kusikia aliyekataa, ila mimi.

Nililichukua kwa vidole viwili nikamtupia mbuzi wangu. Nikasema, "Chakula chako hicho." Mbuzi akalinusa, akaliacha, akarudi kwenye majani yake ya migomba. Hata mbuzi alikuwa na adabu kuliko mimi. Felista akasimama, akapangusa magoti, akaondoka. Na wewe ulikuwa pale, na mzigo wa majani kichwani, umeona yote. Nilikuambia, "Shusha huo mzigo, unashangaa nini?"

Miaka kumi na moja, Resti. Kigango kimoja, kanisa moja. Felista benchi la tatu, mimi la tano. Padre akisema tupeane amani, mimi nilikuwa nageuka nyuma kumpa mkono mtu wa benchi la sita, kila Jumapili, mpaka watu wa benchi la sita wakadhani nawapenda sana. Kisha nakwenda kukomunika. Na nyumbani Baba Yetu nilikuwa naimaliza yote bila kukwama, asubuhi na jioni. Pale kwenye kusamehe nilikuwa napita kama mtu anayeruka mfereji: hata miguu hailowi.

Mwaka wa kumi ndipo ukaandika. Hukututaja majina, lakini mlima mzima ulijua. Katekista Gaspari, maskini, hakuwa ameisoma kwanza. Alikuwa ameizoea sauti yako, akaanza kwa mbwembwe, mbele ya watu ishirini, nyumbani kwa Mama Kunda. Alipofika kwenye mbuzi sauti ikaanza kushuka. Akataka kukunja karatasi, Mzee Kiria akamwambia, "Malizia." Akamalizia kama mtu anayesoma hukumu. Watu wote wakaangalia miguu yao. Mama Kunda, ambaye sikio moja halifanyi kazi, akauliza kwa sauti, "Kwani huyo bibi ni nani?"

Nikachukua khanga yangu nikatoka.

Ulipopanda mlimani wikiendi ile nilikungoja mlangoni. Nilisema, "Umenivua nguo mbele za watu." Ukasema, "Bibi, sikuandika kukuaibisha." Nikasema, "Uliandika kufanya nini?" Ukasema, "Kwa sababu naogopa utakufa hivyo." Nikakuambia, "Ifute leo, au usilale kwangu." Hukunywa hata chai. Uligeuka ukashuka tena mjini siku ile ile, ukaifuta, ukarudi giza likiingia, ukalala bila kula.

Tangu hapo uliendelea kuandika, lakini ulikuwa unaandika kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya wagonjwa. Kwaresima ni nini. Bikira Maria alikuwa mpole. Maneno safi, kama chai ambayo majani yake yamesahauliwa. Katekista alininong'oneza siku moja, "Mama, siku hizi Resti anaandika kama mimi." Akacheka, lakini hakufurahi. Mimi nilisikia na nikajua nani amefanya hivyo.

Sasa nakuambia ambalo sijakuambia. Mimi na Felista tulipopatana, uliniuliza imekuwaje, nikakujibu ni uzee, magoti yamechoka kuzungukia njia ya mbali ili nisipite kwake. Ulicheka. Nilikudanganya.

Ilikuwa Jumapili, wewe uko kazini. Tumetoka misa, akaja mwanamke simjui, mweusi wa jua la huko chini tambarare, viatu vina vumbi la njia nzima. Akamwamkia katekista, kisha akauliza, "Yuko wapi yule bibi aliyempa mbuzi jani?" Mbele ya kanisa zima, Resti. Nilitamani ardhi inimeze. Katekista akaanza kukohoa. Mimi nikasema, "Ni mimi. Umekuja kunicheka mpaka huku?"

Akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kukushukuru."

Jina lake Mama Neema, mkulima wa Kahe. Akafungua Biblia yake akatoa karatasi yako, ile yenye jina la kigango chetu. Ilikuwa imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu, na ina alama ya mafuta ya kupikia pembeni. Binti yake aliichapa mjini kabla hujaifuta, akamsomea. Akanieleza kwamba yeye na dada yake walikuwa wanagombania zamu ya maji ya mfereji wa mashamba, wakaacha kusemezana miaka minne. Siku aliposikia habari ya jani, hakulala vizuri. Akasema, "Sisi kule hatuna mambo ya sale, mama. Nikafikiri, nitapeleka nini? Nikachukua jembe. Zamu ya dada yangu ilikuwa asubuhi, nikamkuta anahangaika peke yake na mfereji umepasuka, nikaingia kwenye maji nikaanza kuziba. Akaniangalia. Akasema, 'Umekuja kuiba au kusaidia?' Nikamwambia, 'Nimekuja kuwa mbuzi mwenye adabu.' Hakuelewa, lakini alicheka."

Hapo na mimi nilicheka, sikukusudia.

Kisha akaniambia dada yake alifariki baada ya hapo, homa ya siku chache. Akasema, "Tulipika pamoja Krismasi moja, mama. Ni moja tu, lakini tuliipata. Binti yangu aliitafuta ile habari tena kwenye intaneti ili watoto wa dada waisome, akakuta haipo. Ndiyo maana karatasi hii naibeba kama yai. Nilitaka tu kumwona huyo bibi, na kumwambia aliyeandika asifute tena."

Nikasimama pale na rozari mkononi. Mwanamke wa Kahe, ambaye hata sale hana, alikuwa amelipokea jani ambalo mimi nililikataa. Na karatasi iliyomfikisha pale niliamuru ifutwe, kwa ajili ya uso wangu.

Sikupika chakula cha Jumapili. Nilikwenda mpakani, nikakata sale kwenye ile minne aliyoirudisha, nikafunga fundo. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau, nikafunga mara tatu. Nikaingia uani kwa Felista kwa njia ambayo miguu yangu haikuwa imeikanyaga miaka kumi na moja. Alikuwa anapepeta ulezi wa pombe ya mbege. Nikapiga magoti, na unajua magoti yangu yalivyo. Akaliangalia jani. Akasema, "Nimpe mbuzi?"

Nikasema, "Wewe huna mbuzi."

Akasema, "Ninaweza kuazima wako."

Nikamwambia, "Wangu hali sale. Niliwahi kujaribu."

Basi tulicheka mpaka ungo ukamwagika, na ulezi wote ukaliwa na kuku, na tukalia pia, lakini hilo Felista anasema lisiandikwe sana. Akalichukua jani kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata nilihama benchi. Watu wa benchi la sita wakaniuliza kama wamenikosea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wala siyo magoti. Ni wewe, na kile kioo, na zile saa za mchana ambazo wateja walikuwa hawaji kafe, wenzako wanasinzia na wewe unaandika. Sikukuambia kwa sababu mtu mzima akishamfukuza mtoto mlangoni kwa kusema kweli, ulimi wake unakuwa mzito kuliko jiwe la kusagia. Nilingoja siku nzuri. Siku nzuri hazikuja, zikaja za kumenya ndizi, na wewe ukasema unaifuta yote.

Umeniuliza nani anaisoma. Kwa haraka haraka tu: Mzee Kiria anasomewa. Mama Kunda anasomewa, kwa sikio zima. Yule nesi wa zahanati, ile uliyoandika juu ya kumuuguza babu yako ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake la dawa. Nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda kwa kifua, akanisomea. Na yule mtu wa Songea, uliyenisomea mwenyewe maoni yake, aliyesema huwa anakusoma kabla ya kwenda kazini kama mtu anayenawa uso. Mimi nawajua hao wachache. Nani anajua walioko kwenye nyumba nyingine, na karatasi za mafuta ya kupikia?

Kuhusu kusali na kukwama. Sitakufundisha, mimi ni mtu gani wa kufundisha. Nakuambia nilichokiona tu. Mimi nilimaliza sala zangu zote miaka kumi na moja, na hazikufika hata kwa wifi yangu, hapo chini ya migomba, mahali ambapo ukipiga kelele anasikia. Wewe unayekwama katikati uliandika neno moja likavuka bonde lote mpaka Kahe likatengeneza mfereji. Basi kwama, mwanangu. Kwama na uandike hapo hapo ulipokwama. Usiandike tena kama nyumba ya wagonjwa. Siku usiyoweza kusali, andika kwamba huwezi. Mimi nitaletewa nitasikiliza, na siku hiyo nitakusalia ile sehemu uliyoiacha. Sasa hivi hata pale kwenye mfereji siruki.

Felista anasema na yeye anataka kuongeza. Nimemruhusu mistari miwili.

Resti, ni mimi Felista. Ile habari uliiandika kwa haki, hata hatua zangu mbili hukuzificha. Siku niliyoisikia nilijua kuna mtu mmoja aliyeniona nikiondoka pale uani. Ahsante mama.

Ni mistari mitatu hiyo, lakini basi.

Ndani ya barua hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi. Mama Neema alipokuja tena Jumapili nyingine hakukubali kutuachia yake, lakini alimruhusu Felista ainakili pale pale juu ya ukuta wa kanisa, neno kwa neno, na yeye Felista ndiye aliyeandika kwa mkono wake jinsi nilivyomtupia mbuzi jani lake. Mara mbili kalamu ilisimama. Akamaliza. Kwa hiyo maneno yako hayakupotea, yako yote hapo.

Cha pili ni jani. Nimelikata leo ulipokwishapita kona, kutoka kwenye mmea ule ule. Litakuwa limenyauka kidogo ukilipata, ila fundo nimelifunga vizuri safari hii. Najua huku kwetu mzee hampelekei mtoto sale. Felista naye amesema, "Umewahi kuona wapi?" Sijaona. Lakini kosa nililifanya mimi na si mtoto, na mwenye kosa ndiye anayekata jani. Nilikufukuza kwenye mlango wa nyumba iliyokulea, kwa sababu ulinihurumia mbele za watu. Nimekosa, Resti. Nimepiga magoti hapa jikoni, Felista ni shahidi, na atanisaidia kuinuka akimaliza kuandika.

Unajua jani likishafika mkononi halikataliwi. Ndiyo, nakulazimisha. Mimi ni bibi yako. Usiifute blogu. Tafuta kafe huko Mbeya, uirudishe ile habari mahali pake, kama Felista alivyoirudisha ile minne.

Na safari hii uandike jina langu, Apolonia, bila kuficha. Mama Kunda aliuliza huyo bibi ni nani, na bado anangoja ajibiwe.

Ni mimi bibi yako. Alama hii ya wino hapa chini ni kidole changu gumba, na ule uchafu pembeni yake ni utomvu wa ndizi.